Kupigwa picha ya mishipa ya macho Kampala: maoni ya dereva mwenye presha

Haya ni maoni yangu kuhusu kipimo kimoja nilichofanyiwa Kampala. Nawaandikia kwanza madereva wenzangu wa masafa marefu tunaosota foleni za mpakani Malaba na Busia, halafu mtu yeyote aliyewahi kuambiwa ana presha akaenda zake na kuendelea na maisha. Kipimo chenyewe ni kuangaliwa mishipa ya damu iliyo ndani ya jicho na kupigwa picha yake. Nilifanyiwa kwenye kliniki ya macho ya binafsi, katikati ya mji, ghorofa ya pili juu ya maduka ya vitambaa. Jina lake nimeliacha kwa makusudi, maana nina sifa zao na nina lawama pia, na sitaki lawama zangu ziwakoseshe watu riziki. Tena kuangalia ndani ya jicho si kazi ya kliniki hiyo peke yake. Ni kazi ya kila siku kwenye idara za macho za hospitali kubwa kama Mulago na Mengo, na Ruharo kule Mbarara.

Nina miaka 54, na 27 kati ya hiyo nimeshika usukani, nikivuta kontena kutoka Mombasa hadi Kampala, mara nyingine mpaka Kigali au Juba. Presha iligunduliwa mwaka 2017, Malaba, siku walipokuja watu wa afya kupima madereva tuliokuwa kwenye foleni. Mashine ilisoma 168 kwa 104. Nikapewa amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kila siku. Nilimeza mwezi mzima, nikajiona mzima, nikaacha. Kichwa kikiniuma nameza siku mbili tatu, kikitulia naacha tena. Kwa kifupi, dawa ya presha niliitumia kama Panadol, na niliitumia hivyo kwa miaka.

Kilichonishtua ni jicho la mwenzangu. Mwaka jana dereva mmoja tuliyepishana naye barabarani miaka mingi aliamka ndani ya kabini pale Malaba, akakuta jicho la kushoto haoni nusu ya chini. Alivyonieleza, ilikuwa kama kioo cha mbele kilichorushiwa matope mpaka katikati. Hakuumwa popote. Alinawa uso, akasugua jicho, akangoja lifunguke, na halikufunguka. Hospitalini wakamwambia mshipa mmoja unaorudisha damu kutoka nyuma ya jicho umeziba, na presha aliyoishi nayo bila dawa ina mkono wake hapo. Sasa anachomwa sindano ndani ya jicho, na usukani ameuacha. Mama watoto aliposikia habari hiyo hakulia wala hakupiga kelele. Alichukua karatasi yangu ya dawa, akahesabu vidonge vilivyobaki, akasema, "Baba watoto, hivi vilikuwa vya mwezi wa pili. Sasa ni mwezi wa sita."

Basi nikaenda.

Nianze na kitu walichonifurahisha nacho kabla hata ya macho. Muuguzi alinipima presha, na alipima kwa namna ambayo sijawahi kupimwa. Kila mahali nilipopita, mtu anakuvalisha kile kitambaa cha mkono ukiwa bado unahema kwa ngazi, huku anakuuliza unaishi wapi. Huyu aliniuliza kama nimekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa iliyopita, na kama nahitaji kwenda haja ndogo kwanza. Akaniketisha kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, akasema, "Mzee, tulia hapa dakika tano, tusiongee." Halafu akatazama mkono wangu, akarudisha kitambaa alichokuwa nacho, akaleta kikubwa zaidi. Mikono yetu sisi wa kupakia na kukaza turubai ni minene, na kitambaa kidogo kwenye mkono mnene kinatoa namba ya juu kuliko ilivyo. Akapima mara mbili. Ya kwanza 172 kwa 106, ya pili 166 kwa 102. Kwa hiyo sikuwa na pa kujifichia. Sikuweza kusema ni ngazi wala ni mashine.

Kisha wakanitia dawa ya matone, tropikamaidi, ya kupanua mboni. Inawasha kidogo kama sabuni, halafu unakaa karibu nusu saa ukingoja ile duara nyeusi ya jicho ifunguke. Hapa ndipo lawama yangu ya kwanza na kubwa ilipo, na nitairudia mbele.

Kwenye benchi la kungojea nilikaa na mama mmoja wa kutoka Iganga, naye ana presha. Alikuwa amefurahi sana. Alikuwa ametoka kwenye ile mashine inayopuliza hewa kwenye jicho, akaambiwa presha ya macho yake ni 14, sawa kabisa. Akaniambia, "Shukuru Mungu, presha yangu imekwisha, nitaacha hizi dawa." Nami nilikuwa karibu kumpongeza, maana hata mimi nilidhani ni kitu kimoja. Bahati nzuri muuguzi alisikia. Akakaa kati yetu akatueleza taratibu. Presha ya jicho ni msukumo wa maji yaliyo ndani ya jicho lenyewe, na kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21. Hiyo ndiyo inayoangaliwa kwa ugonjwa unaoua polepole mshipa wa kuona, yaani ule mshipa wa fahamu, siyo wa damu. Presha ya damu ni msukumo wa damu kwenye mishipa ya mwili mzima, na mtu mzima akisoma 140 kwa 90 kwenda juu, siku baada ya siku, basi anayo. Ya jicho inaweza kuwa sawa huku ya damu ikikumaliza. Yangu ya macho ilikuwa 15 na 16, nzuri tu, na hapo hapo nilikuwa na 172 ya damu. Nadhani kwa Kiswahili tumejikwamisha wenyewe kwa kuita vyote viwili presha. Kliniki yoyote ya macho ingepaswa kubandika jambo hili ukutani kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili na kwa Luganda, maana mama yule angerudi Iganga na kutupa dawa zake akiwa na furaha.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Arua, na Kiswahili chake kilinyooka. Kwangu hilo lina uzito. Mapokezi waliniongelesha Kiluganda, na changu ni cha sokoni, kinatosha kununua matooke lakini hakitoshi kuzungumzia jicho langu. Daktari aliposikia lafudhi yangu akageuka mara moja. Akaniegemeza kidevu kwenye mashine yao ya taa, akashika kioo kidogo mbele ya jicho, akanizungusha: tazama juu, tazama chini, tazama sikio langu. Taa ni kali, machozi yanatoka, lakini hakuna maumivu. Kisha tukahamia kwenye kamera. Unatazama alama ya kijani, mwanga unapiga mara moja, pwaa, na dunia inakuwa zambarau kwa sekunde kadhaa. Jicho la kulia, jicho la kushoto, kazi imekwisha.

Sasa nieleze nilichokiona, kwa sababu ndicho nilicholipia.

Alinigeuzia skrini. Ndani ya jicho langu ni rangi ya papai lililoiva. Upande mmoja kuna duara la manjano iliyopauka, hapo ndipo mshipa wa kuona unapotoka kwenda kwenye ubongo, na kutoka kwenye duara hilo mishipa ya damu inatawanyika juu na chini kama mito kwenye ramani. Akaniambia jicho ndilo mahali ambapo daktari anaiona mishipa midogo ya damu kwa macho yake, hai, damu ikipita, bila kukata ngozi. Tena jambo hilo si geni: chombo cha kwanza cha kuangalia humo alikitangaza Hermann von Helmholtz, Mjerumani, mwaka 1851. Nilishangaa. Nilidhani ni teknolojia iliyotua juzi Entebbe.

Akaniweka kidole kwenye mshipa mmoja mwembamba wenye rangi angavu. Huu ni ateri, unaleta damu. Pembeni yake kuna mnene na mweusi zaidi, huo ni vena, unarudisha damu. Kwa mtu ambaye mishipa yake haijaguswa, ukipima unene wao, ateri ni kama 2 na vena ni kama 3. Ateri zangu zilikuwa zimesinyaa. Hata mimi, bila kusoma udaktari, niliziona: nyembamba kama uzi wa kushonea, na sehemu mbili tatu zimebanwa zaidi, kana kwamba mtu amezifinya kwa kucha. Akanieleza sababu. Damu ikija kwa nguvu nyingi, mshipa mdogo unajikaza ili kuzuia nguvu hiyo isiingie kwenye sehemu laini za mbele. Ukijikaza mwaka, miaka mitano, miaka kumi, ukuta wake unakuwa mnene na mgumu. Ndiyo maana mstari wa mwanga unaoonekana katikati ya ateri unapanuka, na mshipa wote unaanza kung'aa kama waya wa shaba. Wa kwangu mmoja ulikuwa umefika huko. Ugumu ukizidi, unageuka kuwa kama waya wa fedha.

Halafu akavuta picha karibu, mahali ateri ilipopita juu ya vena. Hapo sitapasahau. Ule mto mweusi wa vena unakuja vizuri, unafika karibu na ateri, unapungua, unapotea, kisha unatokea ng'ambo ya pili. Ungedhani umekatwa. Haujakatwa. Pale zinapopishana, mishipa hiyo miwili imefungwa ndani ya ganda moja, kwa hiyo ateri ikiwa ngumu inaikandamiza vena iliyo chini yake. Nikamwambia, "Daktari, hii ni tairi ya trela iliyosimama juu ya mpira wa maji pale kwa waosha magari." Akacheka, akasema ndiyo hivyo hasa, na mpira nao unavimba upande maji yanakotoka. Alama hiyo inaitwa kwa jina la Marcus Gunn, daktari wa macho wa London aliyeieleza mwishoni mwa karne ya 19. Nikamuuliza ikibanwa kabisa inakuwaje. Akasema damu inaganda pale, haina pa kurudi, inavujia kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na sehemu hiyo ya jicho inaacha kuona, mara nyingi mtu akiwa amelala.

Nikajua ni nini kilimpata mwenzangu pale Malaba.

Akanipa daraja. Kuna madaktari watatu wa Marekani, Keith, Wagener na Barker, ambao mwaka 1939 waligawa mabadiliko haya mafungu manne, na mpangilio wao bado unatumika. La kwanza ni ateri kusinyaa kidogo. La pili ni kusinyaa zaidi na hiyo mikandamizo. La tatu, damu imeanza kuvuja, inaonekana kama ndimi ndogo za moto, na kuna madoa meupe kama pamba mahali ambapo nyuzi za kuona zimekosa damu. La nne ni yote hayo pamoja na ule mshipa wa kuona kuvimba, na hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, mtu halali nyumbani. Mimi niko la pili. Katika wagonjwa wa wale madaktari, zama ambazo dawa za presha tulizonazo leo hazikuwapo, wa fungu la nne walikuwa karibu wote wamekufa ndani ya miaka mitatu. Aliniambia hilo bila kunitisha, sauti ile ile, kisha akasema, "Wewe una dawa, mzee. Wao hawakuwa nayo."

Nilimuuliza swali ambalo kila dereva angeuliza: mbona naona vizuri? Nasoma vibao vya barabarani kutoka mbali, usiku taa za magari hazinisumbui kuliko zamani. Akajibu kwamba fungu la kwanza na la pili halina dalili yoyote kwa mwenye jicho. Huoni giza, huoni nzi, huumwi. Hata kichwa si kipimo. Wengi wenye presha ya juu hawaumwi kichwa hata siku moja. Kuhusu jicho kuwa jekundu, maana tanboi wangu, yaani utingo, aliwahi kuamka na damu kwenye weupe wa jicho tukamkimbiza kama mtu anayekufa, hilo ni kamshipa ka juu kamepasuka, mara nyingi kanapona kenyewe wiki mbili hivi. Inafaa kupima presha ukiliona, lakini siyo haya ya ndani tunayoyazungumza.

Na si habari ya jicho tu. Mishipa ya retina ni ndugu wa mishipa ya ubongo na ya figo, na mtu aliyeharibika hii ana hatari kubwa zaidi ya kiharusi kuliko mwenye presha hiyo hiyo ambaye macho yake ni safi. Kwa hiyo aliniandikia kipimo cha mkojo na cha damu kuangalia figo. Nilifanya. Figo zangu nzima, na nilikaa kwenye gari nikashukuru.

Sasa lawama.

Nilipopiga simu kuweka miadi, hakuna aliyeniambia kuhusu yale matone. Mimi nimekuja na lori, nimeliacha yadi ya Nakawa, mzigo unatakiwa ushushwe jioni. Nikatoka pale saa saba mchana, jua la Kampala liko utosini, mboni zimefunguka wazi. Niliona weupe tu. Kuta, magari, nguo za watu, vyote vinawaka. Nilitoa simu nimpigie tanboi, tarakimu zimekuwa ukungu, siwezi hata kusoma jina. Nilisimama chini ya varanda ya duka la vitambaa, leso kwenye paji la uso, mpaka kijana mmoja wa boda akanisaidia kutafuta namba. Mwenye gari alikasirika, siku ya kushusha ikapita, na nililala yadini. Ilichukua mpaka saa mbili usiku ndipo nikaweza kusoma karatasi. Mtu wa mapokezi akijua anaongea na dereva, neno moja tu lingetosha: usije na gari, njoo na mtu, beba miwani ya jua na kofia. Kwa mtu mwingine hilo ni usumbufu. Kwa dereva ambaye hakuambiwa na akajikaza kuendesha, ni maiti barabarani.

La pili ni bei. Kwenye simu niliambiwa shilingi 50,000 za Uganda. Picha ni 70,000 nyingine, na nililijua hilo nikiwa tayari nimekaa kwenye kiti cha kamera. Jumla 120,000. Nililipa na sijutii, lakini mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu alisikia, akaondoka bila picha. Waseme bei yote mwanzoni.

La tatu, ripoti. Ukurasa mmoja wa Kiingereza, nusu yake vifupisho, na haikutumwa kokote. Kule ninakochukulia dawa za presha hakuna aliyejua nimepimwa macho. Nilibeba mwenyewe ile karatasi na picha kwenye simu. Daktari wa presha alipoiona alibadilisha mpango wangu siku hiyo hiyo. Kama nisingeibeba, ningeendelea na kidonge kile kile.

Kuhusu miwani waliyotaka kuniuzia mlangoni nitasema kwa kifupi: yangu ya kusomea inanitosha, nilikataa, hawakusumbua.

Niliambiwa nirudi baada ya miezi sita kwa picha ya kulinganisha. Miezi hiyo sita ndiyo iliyoonyesha thamani ya kile kipimo. Kwanza niliongezewa amlodipini ikawa miligramu 10, miguu ikavimba vifundoni mpaka viatu vikakataa. Zamani hapo ningeacha. Safari hii nilirudi kwa daktari, akairudisha 5 na kuongeza losatani ya 50, uvimbe ukaisha. Nikanunua mashine ya kupimia nyumbani, ya mkono wa juu siyo ya kiganja, nikachukua ile yenye kitambaa kikubwa. Napima asubuhi kabla ya chai na jioni tukipaki, naandika kwenye daftari la mafuta. Na pale Namawojjolo, wote mnanijua, nilikuwa sipiti bila kuku wa kuchoma, na chumvi naimimina mwenyewe kwenye karatasi nachovya. Kuku bado namla. Ile chumvi ya pembeni nimeiacha, na kwa kweli mwezi wa kwanza kuku hakuwa na ladha kabisa.

Kila nikitaka kuruka kidonge, nafungua picha. Namba kwenye mashine inapanda na kushuka, leo 150 kesho 138, mtu anaweza kujidanganya nayo anavyotaka. Ule mto mweusi unaopotea chini ya ateri haushuki. Uko pale ndani ya kichwa changu saa hizi ninapoandika.

Mwezi wa kumi na mbili nilirudi. Presha ilisoma 134 kwa 84. Daktari aliweka picha mbili pamoja, ya Juni kushoto, ya Desemba kulia. Sikutegemea muujiza na hakunipa. Alikuwa ameshanieleza kwamba damu iliyovuja na yale madoa ya pamba huweza kufutika kwa wiki au miezi presha ikidhibitiwa, lakini ukuta wa mshipa ukishakuwa mgumu kwa kawaida haulainiki, na mkandamizo unabaki. Wangu umebaki, mahali pale pale. Tulichotafuta ni kipya. Alipitia tawi moja baada ya jingine, juu, chini, pembeni, mimi nikimfuata kwa macho yaliyojaa ukungu wa matone, na alipomaliza jicho la pili akasema, "Hakuna kilichoongezeka." Nilimwomba aniambie tena.

Nilikuta pia wameweka karatasi mapokezini, kwa lugha tatu, Kiswahili kikiwamo: mgonjwa atakayewekewa matone asiendeshe chombo siku hiyo. Na safari hii mapokezi waliniambia bei yote kabla sijakaa. Wamesikia, na napenda watu wanaosikia. Ripoti bado ni Kiingereza na bado unaibeba mwenyewe.

Kwa nyota tano nawapa nne. Kama una presha na hujawahi kuangaliwa ndani ya jicho, nenda, kwao au kwingine, na ulizia mambo haya: kama wanapiga picha au wanaangalia tu, kama utapewa picha yako uondoke nayo, na gharama yote ni kiasi gani. Kuangaliwa bila picha pia kunafaa, daktari anaona vile vile. Picha ni ya kulinganisha mwaka ujao na ya kukuonyesha wewe mwenyewe. Beba orodha ya dawa zako. Kama kuona kumebadilika ghafla, hata jicho moja, hata bila maumivu, hayo si mambo ya miadi. Nenda siku hiyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne hapa Uganda ana presha, na walio wengi kati yao hawakuwa wanajua. Kwenye foleni ya Malaba ya magari mia, hesabuni wenyewe.

Wiki iliyopita tulikuwa tumekwama hapo tangu saa kumi alfajiri. Nilipitisha simu kabini kwa kabini, wenzangu wakavuta picha kwa vidole wakatazama pale mto unapokatika. Yule mwenzetu wa jicho la kushoto alikuwepo, siku hizi anauza chai na mandazi kwenye geti la yadi. Alisogeza simu upande wa jicho lake zima, akaitazama muda mrefu, akauliza kama miezi ile kabla mshipa wake haujaziba, na yeye angeonekana hivi. Nikamwambia huenda. Akarudisha simu, akamimina chai, na madereva wawili wakaomba namba ya kliniki.

Miadi yangu inayofuata ni Juni. Nitapanda basi.